Jibu likitoka nje ya kikomo: mwongozo kamili kwa maabara za mazao Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukishafunguka, maabara ya mazao Mtwara hupokea sampuli kuliko idadi ya mikono iliyopo. Nyuma ya kila sampuli kuna foleni ya watu: chama cha msingi kinachotaka mzigo upokelewe ghala kuu, mwendesha ghala, mnunuzi aliyeshinda mnada, na mkulima anayesubiri malipo. Lindi hali ni hiyohiyo katikati ya mwaka, ila zao linakuwa ufuta. Basi unyevu ukisoma 10.6% kwenye mkataba unaotaka usizidi 10.0%, kishawishi cha kwanza kinachomjia mpimaji ni kurudia kipimo kimyakimya mpaka namba ikubali.

Hesabu ya tabia hiyo ni mbaya kuliko inavyodhaniwa. Chukua mzigo mbovu ambao kila ukipimwa una nafasi ya 20% tu ya kupita kwa bahati. Ukiupima mara tano na kuchukua jibu moja zuri, nafasi ya kuupitisha inafika 67%. Maabara haijabadilisha chochote kwenye korosho. Imerusha shilingi mpaka ikapata upande inaoutaka.

Utaratibu wa kuzuia hilo ulikomaa kwenye viwanda vya dawa. Mwaka 1993 jaji Alfred Wolin wa mahakama ya shirikisho ya New Jersey, Marekani, aliamua kesi ya serikali dhidi ya kampuni ya Barr Laboratories, na katika hukumu yake alikataa desturi ya kupima tena na tena na kulitupa jibu baya bila uchunguzi. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, ilitoa mwongozo kamili kuhusu jambo hilo mwaka 2006 na kuurekebisha mwaka 2022. Maabara ya korosho au ufuta haibanwi na mwongozo wa dawa, lakini inayotafuta au kulinda ithibati inabanwa na ISO/IEC 17025 ya mwaka 2017, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, ambayo kifungu chake cha 7.10 kinadai kazi isiyokidhi masharti iwe na utaratibu ulioandikwa. Njia ni moja: jibu la kwanza linabaki hai mpaka upatikane ushahidi kwamba maabara ndiyo iliyokosea.

Jua kwanza uko kwenye kundi gani

Majibu yasiyotarajiwa hayafanani, na kuyatendea yote kwa namna moja ni kupoteza muda. Yatenge makundi manne, na uyaandike hivyo kwenye utaratibu wa maabara ili mpimaji wa zamu asibuni lake.

La kwanza ni kazi batili. Sampuli ya udhibiti, yaani ile ambayo jibu lake linajulikana tayari, imetoka nje ya mipaka yake, umeme umekatika oveni ikiwa katika saa ya pili, au kisahani kimemwagika. Hapo hakuna jibu lolote la kuchunguza, kwa sababu kipimo chenyewe hakikukamilika. Andika kilichotokea, futa mzunguko wote, anza upya. Kuna mtego hapa: ukiona umemwaga sampuli, simama palepale. Usiendelee mpaka mwisho “kuona inatoka ngapi” ukijua utaifuta, maana jibu likitoka zuri utashawishika kulibakiza, na likitoka baya utadai ulimwaga. Vilevile, udhibiti ukishafeli, hata majibu mazuri ya mzunguko huo hayatumiki.

La pili ni jibu lililovuka kikomo cha kiwango au cha mkataba. Hili ndilo linalohitaji uchunguzi kamili, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inalihusu.

La tatu ni jibu lililo ndani ya kikomo lakini haliendani na historia. Ghala limekuwa likileta korosho za unyevu wa 8.5 hadi 9.2% kwa mwezi mzima, leo linaleta 6.1%. Kikomo hakijaguswa, na ndiyo maana kundi hili hupuuzwa kuliko yote. Jibu zuri kupita kiasi ni dalili sawa na jibu baya. Silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) iliyochoka kwenye desiketa, chombo kilichofungwa cha kupozea visahani, kwa mfano, huacha kisahani kinyonye unyevu wa hewa kinapopoa. Kisahani kinakuwa kizito, maji yaliyopotea yanaonekana machache, na mzigo wenye maji unapita. Kwenye hewa ya pwani ya Mtwara au Lindi mjini, hilo halihitaji muda mrefu kutokea.

La nne ni vipimo viwili vya sampuli moja visivyokubaliana, au dalili ngeni: rangi ambayo haijawahi kuonekana mwishoni mwa titresheni (kupima kwa kudondosha kemikali mpaka rangi ibadilike), harufu, au sampuli iliyosagwa ikawa tope.

Saa ya kwanza: usitupe kitu

Namba ikishaonekana, kazi ya kwanza ni kulinda ushahidi. Visahani visioshwe. Unga uliobaki wa sampuli ufungwe kwenye chombo kisichopitisha hewa. Kimiminika kilichobaki kwenye bureti, chupa ya kemikali na maji ya kuchujia vibaki mezani vikiwa na lebo. Rekodi ya joto la oveni ipigwe picha kabla mtu hajabonyeza kitufe. Maabara nyingi hupoteza uchunguzi hapa, katika dakika kumi za usafi wa bidii, kisha zinabaki na mabishano.

Mpimaji ampe taarifa msimamizi siku hiyohiyo, na namba iandikwe kwenye daftari kwa wino kama ilivyosoma. Hakuna kufuta wala kupaka wino mweupe. Ikilazimu kusahihisha, piga mstari mmoja unaoacha ya zamani isomeke, weka saini, tarehe na sababu.

Kisha msimamizi akae na mpimaji, mezani pa kazi na vifaa vikiwa mbele yao. Asianze kwa “umefanyaje wewe?” Amwombe aonyeshe hatua moja baada ya nyingine: sampuli ilifika saa ngapi na ikiwa imefungwaje, ilisagwa lini, ilikaa wazi dakika ngapi, mizani ipi, kisahani kipi, rafu ipi ya oveni. Mtu anayeogopa kukaripiwa atajibu kwamba kila kitu kilikuwa sawa, na hapo uchunguzi umekufa.

Kusaka kosa la maabara: mfano wa unyevu

Chukua namba halisi. Kisahani kitupu 42.1530 g. Sampuli 5.0020 g. Kisahani na sampuli baada ya oveni 46.6248 g. Kabla ya oveni jumla ilikuwa 47.1550 g, kwa hiyo kilichopotea ni 0.5302 g. Gawanya kwa 5.0020, zidisha kwa 100: 10.60%.

Anza na hesabu kwa sababu ni bure na ndiyo inayokosewa mara nyingi. Mtu mwingine aipige upya kutoka daftari la mizani, asinakili kutoka kompyuta. Kosa la kawaida ni kugawa kwa uzito mkavu badala ya uzito wa sampuli kabla ya kukaushwa. Korosho zenye unyevu wa kweli wa 9.2% zikipigwa kwa msingi wa uzito mkavu zinasoma 10.1%, na mzigo halali unakataliwa. Ukikuta jedwali la kompyuta lina fomula hiyo, huna kosa la sampuli moja. Una kosa la kila sampuli iliyopita humo.

Halafu mizani. Weka jiwe la kupimia lililothibitishwa, lenye uzito unaokaribia ule wa kisahani na sampuli, ulinganishe na usomaji wa asubuhi. Angalia pia feni. Mizani ya tarakimu nne chini ya feni ya dari haitulii, na kwa joto la Mtwara mtu hazimi feni kwa hiari. Pima upya visahani vilevile ulivyovihifadhi: kama kisahani kitupu kimeandikwa 42.1530 na namba iliyochongwa juu yake ni ya kisahani kingine, umepata jibu. Kubadilishana visahani hutokea zaidi pale namba zinapoandikwa kwa kalamu inayofutika kwa joto.

Kumbuka kipimo hiki: kwenye sampuli ya 5 g, kila 0.005 g ni 0.1% ya unyevu. Kwa hiyo kupima kisahani kikiwa bado na joto kunatosha kuivusha korosho kikomo, kwa sababu hewa inayopanda kutoka kwenye kisahani cha moto hukifanya kisome chepesi na maji yaonekane mengi. Kipoe ndani ya desiketa mpaka kifike joto la chumba, kikiwa na kifuniko.

Oveni ifuatie. Njia nyingi za mbegu za mafuta hutumia nyuzi 103, pungufu au zaidi kwa 2, kwa saa tatu, kisha saa moja moja mpaka vipimo viwili vinavyofuatana vitofautiane kwa 0.005 g au chini ya hapo. Usiamini namba ya mlangoni mwa oveni. Ingiza kipimajoto kingine kilichofanyiwa ugezi, yaani kilicholinganishwa na kipimo sahihi, ukiweke usawa wa visahani, na upime rafu ya juu, ya kati na ya chini. Joto likizidi, kinachoondoka si maji peke yake, hasa kwenye zao lenye mafuta. Likipungua, maji yanabaki na jibu linadanganya kwa uzuri. Umeme ukishuka nguvu bila kukatika ndio hatari zaidi, kwa kuwa taa ya oveni inabaki inawaka na hakuna anayeshtuka. Rekodi ya joto ya kila nusu saa ndiyo itakayokuonyesha.

Mwisho wa ngazi hii, tazama sampuli ilivyofika. Korosho zilizokaa kwenye mfuko wa plastiki juani, nyuma ya pikipiki kutoka Tandahimba, huvukiza maji ambayo hugeuka matone ukutani mwa mfuko. Ukichota za pembeni utapata maji, ukichota za katikati utapata ukavu. Kama hali hiyo haikuandikwa wakati wa kupokea, ni vigumu kuitumia kama ushahidi baadaye. Ndiyo maana fomu ya mapokezi lazima iwe na nafasi ya hali ya kifungashio.

Kama ulitumia mashine ya mkononi ya unyevu badala ya oveni, angalia imewekwa kwenye zao gani. Mashine hizo hazipimi maji moja kwa moja. Nyingi hupima tabia ya umeme ya zao na kuitafsiri kwa jedwali la zao hilo, hivyo jedwali la mahindi kwenye korosho linatoa namba nzuri isiyo na maana. Kwenye mgogoro, oveni ndiyo hakimu.

Mfano wa pili: paundi za kiini

Kwenye korosho ghafi ugomvi mkubwa zaidi uko kwenye paundi, yaani uzito wa kiini kizuri kinachotarajiwa kutoka kwenye gunia la kilo 80. Pima 1,000 g, pasua zote, tenga viini vizuri, viini vyenye madoa au visivyokomaa, na vilivyooza au vitupu. Chukua uzito wa vizuri pamoja na nusu ya uzito wa vyenye madoa na visivyokomaa, zidisha kwa 0.17637. Kizidisho hicho ni kilo 80 zilizogeuzwa paundi na kugawanywa kwa gramu 1,000 za sampuli.

Tuseme vizuri ni 262 g na vyenye madoa 16 g. Jibu sahihi: 270 mara 0.17637, sawa na paundi 47.6. Mpimaji aliyesahau kuongeza nusu ya vyenye madoa atapata 46.2. Aliyejumlisha vyote bila kugawa vyenye madoa kwa mbili atapata 49.0. Meza moja, korosho zilezile, majibu matatu, na mkataba unataka 48. Hapo ndipo kuhifadhi viini vilivyotengwa kunapolipa: rudisha mafungu matatu mezani, mpimaji wa pili ayapange upya bila kuambiwa namba za kwanza, na mpime tena kila fungu. Ukipata viini 12 vimehama kutoka fungu la madoa kwenda fungu la vizuri, tofauti si ya mizani. Ni ya macho, na inatibiwa kwa picha za mfano zilizobandikwa ukutani na kwa kuwafanya wapimaji wapange sampuli moja kila wiki na kulinganisha.

Kuna kosa jingine la kimya: viini kupimwa baadhi vikiwa na ganda jembamba la ndani na vingine vimemenywa. Chagueni hali moja ile iliyo kwenye njia yenu, na muibakize.

Zingatia pia kwamba paundi hutegemea unyevu. Mzigo uliopimwa ukiwa na maji na ukapimwa tena baada ya kuanikwa hautatoa namba ileile, na hakuna aliyekosea.

Kosa likipatikana, na lisipopatikana

Likipatikana kosa la wazi, lenye ushahidi unaoweza kuonyeshwa mtu wa nje, jibu la kwanza linabatilishwa. Halifutwi. Linabaki kwenye jalada na maelezo, na kipimo kinarudiwa chote tangu kusaga kwa idadi ileile ya visahani. “Huenda kisahani kilikuwa na joto” si ushahidi. “Kisahani kilitolewa oveni saa 8:10 na kupimwa saa 8:14, rekodi ya mizani hii hapa” ni ushahidi.

Lisipopatikana, ingia kwenye kupima tena kwa mpangilio. Idadi ya vipimo iandikwe kabla ya kuanza na isibadilishwe kulingana na majibu yanavyotoka. Mpango unaofaa maabara ndogo ni vipimo vinne, viwili kwa mpimaji wa kwanza na viwili kwa mpimaji mwingine mwenye uzoefu usiopungua wake, wote wakichota kwenye sampuli ileile iliyosagwa na kufungwa. Msiongeze cha tano kwa sababu cha nne kimewakera.

Vyote vikikubaliana na jibu la kwanza, mzigo umeshindwa na maabara imemaliza kazi yake. Vikitoka vyote ndani ya kikomo na kosa bado halijulikani, jibu la kwanza halifi. Linaingia kwenye taarifa pamoja na mengine, na msimamizi wa ubora, siyo mpimaji, ndiye anayeamua kwa kuangalia yote.

Wastani ndio mahali wengi wanapojificha. Visahani viwili vya 10.6 na 9.2 vinatoa wastani wa 9.9, na mzigo unapita kwa namba ambayo hakuna kisahani kilichoisoma. Wastani unafaa tu pale tofauti kati ya vipimo iko ndani ya uwezo wa kurudiarudia wa njia. Kanuni ya ISO 5725, kiwango cha usahihi wa vipimo, ni hii: kwa vipimo viwili tofauti inayovumilika ni mara 2.8 ya mkengeuko sanifu wa kurudiarudia (kipimo cha jinsi majibu ya sampuli moja yanavyotawanyika), na kwa vinne ni mara 3.6. Kama mkengeuko wenu ni 0.07%, viwili vinaruhusiwa kutofautiana kwa 0.20 na vinne kwa 0.25. Mkipata 9.8 na 10.1, mmezidi. Ongezeni viwili, mkipata 9.9 na 9.9, mtawanyiko wa vinne ni 0.3, bado mmezidi. Hapo mnatoa wastani wa viwili vya katikati baada ya kuvipanga, yaani 9.9, na mnaeleza kwenye taarifa kwamba ni kipimo cha katikati.

Majaribio ya kitakwimu ya kutambua namba iliyopotoka yasitumike kulitupa jibu la kemia. Yanaweza kukuonyesha mahali pa kuchimba, basi.

Lini unachukua sampuli mpya

Kupima tena ni kurudi kwenye sampuli uliyonayo. Kuchukua sampuli mpya ni kurudi ghalani, na ruhusa yake ni finyu: pale inapothibitika kwamba sampuli ya kwanza haikuuwakilisha mzigo. Angalia kumbukumbu ya uchukuaji. Bambo, chuma cha kuchotea sampuli, lilichoma magunia mangapi? Yalikuwa ya mstari wa mlangoni tu, au ya juu, kati na chini ya rundo? Kanuni inayotumika sana ni kipeo cha pili cha idadi ya magunia: magunia 400, choma 20. Aliyechoma 4 yaliyokuwa karibu ameleta sampuli ya mlango. Korosho za Desemba, mvua zikishaanza, hutofautiana gunia kwa gunia, na gunia lililokaa sakafuni bila chaga halifanani na la juu yake.

Sampuli mpya ichukuliwe kwa njia bora kuliko ya kwanza, mbele ya mwakilishi wa ghala na wa chama, wote watie saini. Ikichukuliwa kwa njia mbovu ileile, inakuwa bahati nasibu nyingine.

Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kama aflatoksini, inahitaji maelezo ya peke yake. Kwenye mahindi, kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya aflatoksini, na 5 kwa aina ya B1. Tatizo ni kwamba sumu hukaa kwenye punje chache zenye kiwango kikubwa, zikiwa zimezungukwa na maelfu zilizo salama. Sampuli mbili za mzigo mmoja zinaweza kusoma 3 na 24, na zote mbili zikawa sahihi. Kwa hiyo usikimbilie kuilaumu mashine. Uliza kwanza kama sampuli yote, tuseme kilo 5, ilisagwa laini na kuchanganywa kabla ya kuchotwa gramu 50. Aliyechota gramu 50 za punje nzima na kuzisaga hizo tu amepima bahati. Uliza pia kama usomaji ulivuka kiwango cha juu kabisa cha mstari wa ulinganisho, yaani ule uliochorwa kwa vimiminika vya kiwango kinachojulikana. Ukivuka, namba iliyotoka ni ya kukisia, na majimaji yanapaswa kuzimuliwa na kusomwa upya, kisha jibu kuzidishwa kwa kiasi cha uzimuaji. Kwa uzimuaji wa mara 10, kusahau kuzidisha hugeuza 40 kuwa 4.

Kwa salmonela, bakteria wa kuharisha, kwenye ufuta wa kusafirishwa nje, msimamo ni mkali zaidi. Sharti la kawaida ni isiwepo kwenye gramu 25. Ikishaonekana, thibitisha kwamba kimelea kilichokua ni chenyewe, na kagua kama kisahani cha udhibiti kisicho na sampuli kilibaki safi. Kikiwa safi, jibu limesimama. Kuchota gramu 25 nyingine na kutokikuta hakubatilishi kilichokutwa, kwa kuwa vimelea havisambai sawasawa kwenye gunia.

Mwenendo kabla ya kuvuka

Maabara yenye chati ya udhibiti hushtuka mapema. Pima sampuli moja ya udhibiti kila siku, baada ya siku 20 tafuta wastani na mkengeuko sanifu, chora mistari kwenye mikengeuko 2 na 3 kila upande. James Westgard na wenzake walichapisha mwaka 1981 kanuni zinazotumika mpaka leo katika kusoma chati hizo: nukta moja nje ya 3, simamisha, mbili mfululizo nje ya 2 upande mmoja, simamisha, kumi mfululizo upande mmoja wa wastani, kuna kitu kimehama. Nukta moja nje ya 2 pekee ni onyo tu. Hutokea takriban mara moja katika 20 hata kila kitu kikiwa sawa, na maabara inayofuta kazi kila ikiiona itajichosha bure.

Kuandika jibu

Kabla ya msimu, kubalianeni na mteja kwa maandishi mambo mawili. La kwanza ni tarakimu: mkataba ukisema “10%”, 10.4 inaweza kukadirishwa kuwa 10 na kupita, ukisema “10.0%”, imeshindwa. La pili ni kanuni ya uamuzi pale jibu linapokuwa karibu na kikomo. Unyevu wa 10.2% wenye mashaka ya kipimo ya 0.3 juu ya kikomo cha 10.0 hauwezi kutangazwa umeshindwa au umepita bila kanuni iliyokubaliwa, na ISO/IEC 17025 inadai kanuni hiyo ielezwe. Kujadili hilo mzigo ukiwa mlangoni na mnada umekwisha ni kutafuta kesi.

Uchunguzi ukiwa haujaisha, mwambie mteja jibu limezuiwa na lini atalipata. Usimpe namba ya mdomo “ya muda”. Ikifika mnadani hairudi. Taarifa ya mwisho iwe na jibu la kwanza, kilichochunguzwa, kilichokutwa, majibu yote ya marudio, uamuzi na jina la aliyeuamua. Kurasa mbili zinatosha.

Kurudi nyuma

Ukikuta oveni ilikuwa chini kwa nyuzi 6, swali halihusu sampuli ya leo tu. Tafuta tarehe ya mwisho ambayo una ushahidi kwamba joto lilikuwa sawa, na kila jibu lililotoka tangu siku hiyo liko kwenye shaka. Orodhesha taarifa hizo, anza na zilizo ndani ya 0.5% ya kikomo kwa kuwa ndizo zinazoweza kugeuka, kisha wajulishe wateja wake kwa barua kabla hawajasikia kwingine. Kama mzigo bado uko ghalani, uchukuliwe sampuli upya kwa gharama ya maabara.

Sampuli za kumbukumbu, yaani zilizobakizwa maabara baada ya kupima, zitasaidia kwa paundi na kwa sumukuvu. Kwa unyevu zinasaidia tu kama zilifungwa kwenye chupa iliyojaa mpaka juu, yenye kifuniko kisichovuja, na zikapimwa uzito siku ya kufungwa. Uzito ukiwa umebadilika hata kidogo, chupa hiyo haina tena cha kukuambia kuhusu maji, na mzigo wenyewe ndio utakaopimwa.